Kijiji Alichokipika Mama

Pazia zito, lile lenye mpira nyuma, likipigwa na jua la Dubai miaka kadhaa hutoa harufu yake lenyewe: mpira unaoanza kulainika, vumbi la mchanga, na kitu kinachokaribia biskuti iliyosahauliwa kwenye oveni. Mwezi uliopita tulihamia fleti mpya, ghorofa ya kumi na nne, na asubuhi ya kwanza nikalishika pazia la mpangaji aliyetutangulia, nikalivuta lote. Harufu ikanijaa puani na jua likatua kitandani. Mume wangu akajifunika shuka mpaka kichwani.

"Funga basi, joto linaingia!"

"Saa mbili imefika," nikamwambia.

"Saa mbili ikifika ndiyo nini?"

Nilianza kumweleza nikakwama. Habari yenyewe inaanzia kwenye kijiji cha Ufaransa ambacho sijawahi kukikanyaga, inapita kwenye sufuria ya mama yangu, na inaishia hapo hapo kwenye pazia. Akasinzia kabla sijafika kwenye sufuria. Basi nawaandikia ninyi wa rika langu, mliokulia Qusais na Karama na Satwa, familia tatu fleti moja, foleni ya choo kila alfajiri, mkaamini kama nilivyoamini mimi kwamba kitu kimoja kisichoweza kuadimika duniani ni watu.

Sisi tulikuwa Qusais, watu kumi na mmoja kwenye vyumba vitatu. Baba aliendesha basi la kampuni. Alikuwa akiwachukua wafanyakazi kwenye mabweni ya Muhaisnah gizani, akiwashusha kwenye majengo yanayopanda, na jioni akiwarudisha. Mama alipika na kufanya usafi kwenye vila ya madam mmoja Mfaransa huko Jumeirah. Sir, mume wa madam, alikuwa mtu wa safari. Nilimwona mara mbili na mara zote mbili alikuwa ameshika sanduku. Metro ya laini nyekundu ilikuwa bado inanukia upya, na mimi nilikuwa na miaka kumi.

Mwaka huo shule zilipofungwa, yule mama wa chumba cha pili aliyekuwa akibaki nami mchana alirudi kwao Moshi. Mama akamwomba madam ruhusa ya kwenda nami kazini. Nilijua jibu litakuwa hapana. Madam akasema ndiyo, tena haraka, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa ameletwa kutoka Ufaransa na hakuna aliyekuwa na muda wa kukaa naye. Kazi yangu ikawa kukaa.

Mama alimwita Bi Mkubwa. Mimi nilimwita Bibi Odette, naye akaridhika alipoelezwa maana ya bibi. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko ya baba, na alitembelea fremu ya chuma ya miguu minne, maana nyonga ilikuwa imevunjika majira ya baridi. Tuliongea kwa Kifaransa chake, Kiingereza changu cha shule na vidole. Tulipokwama tulimwita mama jikoni, ambaye kwa miaka sita ya kutumwa kwa Kifaransa alikuwa amekivuna cha kutosha. Kufikia Agosti nilikuwa namwelewa Bibi hata akinong'ona.

Siku ya kwanza aliniuliza kwetu tuko wangapi. Nikadhani anauliza nyumbani. Nikasema kumi na mmoja.

"Sisi thelathini na wanne," akasema, akajigonga kifua. "Na mimi."

Nikamwonea huruma, fleti yenye watu thelathini na wanne! Mama ndiye aliyenifafanulia, mikono ikiwa na unga: si fleti, ni eneo zima, lenye milima, mto, misitu, kanisa na makaburi. Kwao huitwa komuni, na hata likiwa na watu wachache vipi lina meya wake na ofisi yake yenye bendera. Watu thelathini na wanne, basi. Jioni nilimwambia baba tukiwa kwenye basi tupu, akacheka mpaka akapunguza mwendo.

"Yaani nchi nzima ya huyo bibi yako naipakia humu, na nusu ya viti bado ni vitupu!"

Lakini mimi sikucheka. Niligeuka nikavitazama viti vile sitini na sita, nikajaribu kuwaketisha watu wake wote upande mmoja, na sijui nieleze vipi, moyo ukanienda mbio. Niliwahi kuona jengo refu kuliko yote duniani kutoka kwenye dirisha la shule na nikalizoea. Kile kijiji sikukizoea hata siku moja.

Kila siku nilikuwa nikimdai zaidi. Nilijifunza kwamba gari la mkate huja Jumanne na Ijumaa, dereva hupiga honi mara tatu kwenye kona, na asipokuja watu hula viazi. Kwamba shule ilifungwa walipobaki watoto wawili, na kengele yake ikahamishiwa ofisini kwa meya. Kwamba kibanda cha simu cha zamani kimejazwa vitabu, mtu anachukua na kuweka apendavyo, na hakuna mlinzi. Kwamba taa ya barabarani ni moja, na meya ndiye anayeizima. Kwamba theluji ikianguka haina sauti, na hiyo ndiyo sauti yake. Mtu anaamka asubuhi, anasikia kimya, anajua imeanguka. Kwamba makaburini wako wengi kuliko walioko majumbani, na Bibi aliwajua wote wa pande zote mbili.

Meya alipiga simu kila Jumapili, ila Bibi aliizungumzia Jumatatu kwa undani kiasi kwamba mara moja madam alimbembeleza meya apige tena siku ya Jumatatu ili nimsikie. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini, nimekua chini ya picha za wakubwa zilizotundikwa kila ukuta. Simu ilipolia nilivaa viatu, nikasimama wima katikati ya chumba. Bibi akaweka spika. Nyuma ya sauti ya meya alikuwa akilia ng'ombe, na hakunyamaza mpaka simu ilipokatwa.

"Anafanya nini na ng'ombe?" nikamuuliza Bibi.

"Anamkamua. Ofisini huwa Alhamisi tu."

Nilikaa chini nikavivua viatu vyangu.

Ila kilichonitia bumbuazi kuliko yote ni habari ya mbao. Kwao madirisha yana mbao nje, mbili mbili, zinazofungwa jioni na kufunguliwa asubuhi. Saa mbili ikifika, kila nyumba sharti iwe imefungua. Isipofungua, jirani anayeiona haulizi wala hapigi simu, anaenda kugonga. Bibi alikuwa na jirani mmoja jina lake Lucien. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka kumi na tisa kwa sababu ya mti wa jozi uliokuwa mpakani, ambao kila mmoja alisema ni wake. Hawasalimiani, hata kanisani wanakaa mabenchi tofauti. Na asubuhi ile ya baridi Bibi alipoteleza jikoni akavunjika nyonga, akalala sakafuni bila kuweza kuinuka, saa mbili ilipopita kidogo mlango uligongwa. Alikuwa Lucien, na shoka.

"Alisema nini?" niliuliza.

"Hakusema kitu. Bado hatusemezani. Alivunja mlango, akanifunika koti lake, akamwita meya, akaondoka."

"Na koti?"

"Meya alimrudishia."

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa moyo wangu wote. Kwa akili yangu ya miaka kumi nilielewa kwamba ni zile mbao zinazomweka mtu hai. Ukifungua, unaishi mpaka kesho. Usipofungua, unaanguka. Na nyumba ya Bibi kule ilikuwa imefungwa tangu majira ya baridi. Nilimtazama akisinzia kwenye kiti, mdomo wazi, nikahesabu pumzi zake.

Kumbe mwenyewe alikuwa na kosa lake lisilopungua langu. Chumba chake kilikuwa chini, dirisha likitazama njia ya ndani ya kompaundi, vila nne za upande wa pili, na kibanda cha mlinzi getini. Vila zile mapazia yake yalikuwa hayafunguliwi, kwa sababu nani anafungua pazia Julai hapa? Bibi aliyatazama siku ya kwanza. Akayatazama ya pili. Ya tatu akavaa viatu vya nje.

"Njoo," akaniambia. "Wote wanne hawajafungua. Siku tatu!"

Mama alikuwa ghorofani na mashine ya kufagilia, hakutusikia. Tulivuka njia kwenye joto la kuchemsha yai, fremu ikigonga mawe, mimi nimemshikia mwavuli. Vila ya kwanza akafungua dada Mfilipino, akatuangalia, akamwita madam wake, ambaye alishuka na gauni la kulalia na uso wa mtu aliyeamshwa. Bibi akamshika mikono miwili. "Mzima? Wote wazima?" Yule madam akavuta mikono yake. Vila ya pili hakufungua mtu. Sauti ilitoka kwenye mashine ukutani ikasema tuache kifurushi mlangoni. Bibi akainama mpaka pua ikagusa mashine, akaieleza kwa upole kwamba hatuna kifurushi, tumekuja kuona kama wamekufa.

Jioni malalamiko yalikuwa yameshamfikia madam. Alimfuata mama yake chumbani na mlango ukabaki wazi kidogo. Mimi nilikuwa nje nikingoja mama avue aproni.

"Mama, hapa watu hawagongeani."

"Sasa anayeanguka anaokotwa na nani?"

"Hapa kuna hospitali kila kona! Kule unaishi peke yako, mlimani, daktari yuko saa nzima!"

"Siishi peke yangu," Bibi akasema. "Tuko thelathini na wanne."

"Nyumba imepata mnunuzi, Mama. Mwisho wa Septemba tunasaini. Khalas."

Lile neno la hapa, yaani basi, imekwisha, katikati ya Kifaransa, lilinigonga kichwani. Kwenye basi nilimuuliza baba kama nyumba ya mtu ikiuzwa mnunuzi anaruhusiwa kutofungua madirisha. Baba akasema mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Sikula usiku ule, na mama akanipaka Vicks akidhani ni mafua.

Tangu hapo Bibi hakuruhusiwa kutoka. Akabakiwa na dirisha lake, na kwenye dirisha lake na mtu mmoja tu aliyefungua lake: mlinzi wa geti. Alikuwa Mkenya wa Bomet, tukimwita Uncle Kiprono. Kibanda chake kilikuwa na kidirisha cha kioo cha kusukuma, na kila saa mbili asubuhi, akikaribia kumaliza zamu ya usiku, alikuwa akikisukuma na kuinua kikombe chake cha chai kumwelekea Bibi. Bibi naye akainua bakuli lake la kahawa. Hawakuwahi kuzungumza.

"Huyo shosho wenu ni supervisor ama?" aliniuliza siku moja nikipita. "Kila siku ananicheki kama CCTV. Lakini mwambie nimesema asante, sawa? Mimi huku hakuna mtu huniangalia."

Nilifikisha salamu. Bibi akasema, "Huyu amelelewa."

Na ndiyo siku aliyotaka vibiriti. Alitaka vitu vingi: visanduku vya kiberiti, kinu cha pilipili, skafu ya bluu ya madam. Akapanga kijiji chote kwenye zulia la chumba chake. Vibiriti vikawa nyumba, kinu kikawa kanisa, skafu ikawa mto. Alipofika kwa watu aliomba kitu kidogo kidogo, nikachota maharage kwenye mfuko wa mama, yale ya madoa aliyokuwa akinunua dukani Deira. Akayaweka moja moja, na kila moja alilitaja jina kabla ya kulilaza. Meya alipewa harage nene. Lucien alipewa lililokunjamana, ila aliliweka mahali pake sawasawa, karibu na mti, ambao ulikuwa karafuu. Lake mwenyewe alilishika kwa muda kabla ya kuliweka.

Yakatimia thelathini na manne. Kisha akachukua mawili zaidi. Moja akaliweka mwanzoni mwa barabara, akaonyesha dirishani: Kiprono. La pili akaliweka kwenye kizingiti cha nyumba yake, akanigusa pua.

Mimi, mtu wa kumi na moja wa fleti ya Qusais, nilikuwa na kizingiti Ufaransa. Nililala kifudifudi pembeni ya zulia nikilitazama harage langu, na hakuna aliyeweza kuniinua mpaka saa ya basi. Majuma mawili tuliishi humo. Kila Jumanne na Ijumaa nilipiga honi mara tatu na kuwapelekea mkate, na kila asubuhi nilifungua vibiriti vyote thelathini nusu inchi, nikianza na cha Bibi.

Hadi asubuhi moja tulipofika nikakuta zulia limefagiliwa. Vibiriti vilikuwa vimepangwa vizuri kwenye trei, skafu imekunjwa. Madam alikuwa amealika wageni usiku uliotangulia na kumwachia mama ujumbe asafishe vyumba vya chini vyote, na mama, aliyetangulia kuingia nikiwa bado nacheza na paka wa kompaundi, na Bibi akiwa bafuni, hakuwa mtu wa kusubiri. Nikakimbilia jikoni.

"Mama, watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Maharage!"

Akaonyesha sufuria kwa mwiko. Yalikuwa yanatokota pamoja na yale aliyoyaloweka jana kwa ajili yetu. "Riziki haitupwi, nimeyaosha. We mtoto, unalia nini? Ni maharage!"

Nilipiga kelele ambazo sijawahi kuzipiga tena, hata kwenye uzazi. Nilisema umewaua, umemuua Bibi, umeniua na mimi. Mama akaketi kwenye stuli, mwiko mkononi, akinitazama na uso uliojaa mashaka. Bibi akaja na fremu yake, tok, tok. Akachungulia sufuriani. Nilidhani ataanguka palepale. Akachukua kijiko, akachota harage moja, akalipuliza, akalitafuna kwa makini.

"Huyu ni Lucien," akasema. "Bado mgumu."

Kisha akacheka. Tangu aletwe Dubai hatukuwa tumemsikia akicheka, na mama naye akaambukizwa, wakashikana mabega wakicheka wawili hao mpaka machozi. Mimi peke yangu sikucheka. Mimi nilijua kitakachofuata.

Na kikafuata kesho yake. Saa mbili, Bibi akainua bakuli lake dirishani akabaki amelishika. Kidirisha cha kibanda kilikuwa kimefungwa. Kizuizi cha geti kilikuwa kimeachwa juu, na magari yalikuwa yanapita, moja, la pili, la tatu, bila hata kupunguza mwendo. Saa mbili na dakika tano. Bibi akaweka bakuli chini.

Madam alikuwa anatoka na ufunguo wa gari mkononi. "Atakuwa amelala, Mama. Au zamu imebadilishwa. Tafadhali, leo nina mkutano."

"Hajafungua."

"Mama, nakuomba!"

Bibi akatoka na ndara. Hakusubiri mwavuli. Ni hatua mia moja hivi kutoka mlangoni mpaka getini, na kwa nyonga ile, kwa jua lile la Agosti, zilikuwa safari. Madam alimfuata akimsihi, mama akafuata na aproni, nami nikakimbia mbele kwa sababu nilijua ni harage gani. Nilipachika uso kwenye kioo. Uncle Kiprono alikuwa sakafuni, kichwa chini ya stuli, kofia imeviringika. Kiyoyozi cha kibanda kilikuwa kimekufa tangu jioni. Mwenzake wa zamu alikuwa amehamishiwa kwingine bila kuletwa mwingine, naye Kiprono akaunganisha mchana na usiku.

Mlango ulikuwa umejifunga kwa ndani. Bibi alifika, akautazama, akanyanyua ile fremu ya chuma kwa ile mikono yake mikubwa, akavunja kioo.

Sitasahau madam akipiga magoti kwenye vipande vya vioo na suti yake ya kazini, akimmwagia mlinzi maji ya chupa shingoni, akipiga kelele kwenye simu kwa lugha tatu. Mama alimpepea kwa trei, akimwita, "Kiprono! Kaka Kiprono, amka, usituletee habari!" Bibi, mwenye fremu iliyopinda, alisimama akiwa amenishika bega mimi badala yake, na uzito wake wote nikausikia. Ambulansi ilipofika, mhudumu alitazama saa yake akasema nusu saa nyingine tu tungemkosa.

Kwa hofu nikamwambia Bibi ukweli wangu wote pale pale, kwamba ni kosa la sufuria, kwamba kesho ni yeye, kwamba nyumba yake imefungwa tangu baridi na hakuna anayemfungulia. Aliinama kwa shida.

"Nani kakwambia imefungwa? Lucien anazifungua mbao zangu kila asubuhi na kuzifunga jioni. Meya ameniambia. Hakuna aliyemtuma."

"Kwa nini?"

"Hataki kuamka akaona nyumba iliyokufa."

Madam alikuwa amesikia. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa njia, magoti yanatoka damu, watu wa vila nne wakichungulia kwa mara ya kwanza kwenye mapazia yao. Mkutano haukuhudhuriwa. Mchana alikuja jikoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akakaa kwenye stuli ya mama.

"Natoka saa moja, narudi saa moja," alimwambia mama kwa Kiingereza. "Akianguka hapa, nani atajua?"

"Mimi, madam," mama akasema.

"Na Jumapili, ukiwa off?"

Mama akamkatia kitunguu mbele yake ili apate kisingizio cha kulia. Jioni ile madam alimpigia meya, na nyuma yake ng'ombe akalia. Mnunuzi akaambiwa hapana.

Bibi aliondoka kabla shule hazijafunguliwa. Nilikuwa nimeomba kwa siku nyingi arudi kwao aishi, na alipokuwa anavalishwa koti la safari niliomba kwa sauti asiende. Mama akanishika. "Mwenda kwao si mtumwa, mwanangu. Mwache." Uncle Kiprono, aliyekuwa amesharudi kazini siku ya nne tangu alazwe, alifungua mlango wa gari mwenyewe, akavua kofia. Hakukuwa na lugha kati yao, hivyo Bibi akamgusa shavu, akaonyesha kidirisha cha kibanda kwa kidole kikali. Kisha akanionyesha mimi, akamwonyesha yeye, akanionyesha mimi tena. Tulielewa.

"Sawa, shosho," Kiprono akasema. "Tutakuwa tunachekiana."

Tumechekiana mpaka leo. Kwanza kwa mimi kupita getini siku za likizo, baadaye kwa simu, alipohamia Jebel Ali na alipomaliza mkataba akarudi Bomet kulima chai. Mama alijiunga aliporudi Tanga na baba. Kundi letu lina watu watatu na kila asubuhi, ifikapo saa mbili ya Dubai ambayo kwao ni saa moja, kila mmoja anaandika neno moja: Wazi. Hakuna picha za maua wala hadithi za kusambaza.

Bibi Odette aliishi kwake misimu minne zaidi. Habari ililetwa na madam mwenyewe, alimpigia mama tukiwa mezani. Mama alisikiliza, akasema pole madam, pole sana, akaweka simu. Sikuuliza amekufa na nini.

"Nani aligonga?"

"Lucien," mama akasema. "Saa mbili na dakika tatu. Safari hii mlango ulikuwa haujafungwa na ufunguo. Madam anasema siku hizi alikuwa hafungi, ili asivunjiwe tena."

"Walikuwa wamesemezana?"

"Madam anasema hapana. Lakini alikaa naye mpaka wote walipokuja."

"Wote?"

"Wote thelathini na watatu. Na gari la mkate."

Hayo ndiyo niliyotaka kumweleza mume wangu asubuhi ya pazia. Siku ya tatu kwenye fleti mpya nililivuta tena, nikaandika Wazi, Kiprono akaandika Wazi. Mama hakuandika. Saa mbili na dakika tano, hakuna. Na kumi. Nikapiga, simu ikaita ikakatika. Nikapiga tena nikiwa nimesimama, nimevaa viatu sijui vya kwenda wapi, Tanga haifikiki kwa miguu.

"Nakuna nazi, we mtoto!" mama akapokea. "Mikono ina tui! Hata robo saa hunipi?"

"Sikupi," nikasema, nikalia bila aibu.

Mume wangu alikuwa ameketi kitandani, shuka begani, akinitazama. Hakusema habari ya joto. Aliinuka, akaja dirishani, akatazama madirisha ya jengo la mbele, mamia kwa mamia, yote yamefungwa. Halafu akashika upande wa pili wa pazia, ule ambao kwa haraka zangu huwa nauacha, akauvuta mpaka mwisho.